Maneno Uliyoiandikia Mashine

Kisiwani Savaii, Jumatatu

Mwanangu Moelagi,

Sisi wazima, ila kuku wamepungua. Dada yako kaniambia yaliyokukuta huko Auckland: uliiandikia ile mashine inayotunga programu kwamba kifaa fulani ilichopewa humo kompyutani "husafisha mafaili," basi, nayo ikakitumia kufuta hata kazi za wateja. Ijumaa mabosi wanakuita.

Usiwaambie mashine ni jinga. Jumapili nilimwambia mke wa kaka yako, ambaye halijui jiko letu la mawe ya moto yanayofunikwa, "Funga majani ya majimbi kwa tui, upike." Akayatoa mapema. Mchungaji, tuliyemwalika baada ya ibada, akala, koo likamwasha, akakohoa sala nzima ya shukrani. Nikamfokea.

"Si ulisema nipike, mama?" akanijibu. "Hukusema mpaka lini, wala kwamba yasipoiva yanawasha."

Na ni kweli, sikusema.

Andika upya kabla ya Ijumaa: kifaa kinafanya nini, kitumike lini, kisiguse nini. Uwapelekee, ukubali kosa ni lako.

Baba yako ametandika mkeka mpya chumbani kwako. Anasema ni wa wageni. Hatutarajii mgeni yeyote.

Anayekuombea kila saa,
Mama yako Sieni