Msumeno wa Bei Nafuu kwa Kuni za Mama

Jumamosi. Kitale imeamka na ukungu na manyunyu, yale yasiyomlowesha mtu lakini hayamwachi akauke. Nimekunywa chai bila kusikia ladha yake. Sina huzuni wala furaha. Nina kazi moja leo: kununua msumeno wa injini, ule ambao huku kila mtu anauita pawasoo.

Sababu kwanza, kama katika habari yoyote.

Baba alizikwa nyumbani kwetu Misikhu mwezi uliopita. Ili hema la waombolezaji lipate nafasi, mikaratusi miwili ya mbele ya nyumba ilikatwa na magogo yakasukumwa hadi ukingo wa ua. Baada ya mazishi tulinyolewa nywele, kama ilivyo desturi yetu Wabukusu, na siku hiyo hiyo vitu vya marehemu vikagawanywa. Koti lilikwenda kwa ndugu yake. Fimbo ilikwenda kwa kaka yetu mkubwa, anayeishi Mombasa. Shoka lilikwenda kwa mpwa wake wa Cheptais, kwa kuwa mpwa ana haki yake na hakuna aliyetaka maneno. Wazee waliridhika. Tukala, tukaagana.

Hakuna aliyeuliza Mama atapasua kuni na nini.

Nilipokwenda kumwona baadaye nilimkuta ameketi kwenye kigoda, akichanja gogo kwa panga. Alikuwa ametoa vibanzi vya kutosha chai moja. Kumwomba mpwa arudishe shoka haiwezekani; kitu kilichogawiwa siku ya kunyoa hakirudi. Na hata kingerudi, Mama amevuka miaka sabini, na magogo yale ni mapana kama mdomo wa ndoo. Kijana aliyeikata miti ile tulimpigia simu. Alisema yuko kwenye mbao, kuni ni kazi ya kumpotezea wakati.

Dada yangu Nekesa, mwalimu mjini Bungoma, ana jibu lake: Mama ahamie kwake. Kuna gesi, kuna maji ya mfereji, kuna watu. Mama alimwambia, "Siku nitakosa kuni, nitakuja."

Nekesa aliisikia kama ahadi. Mimi niliisikia kama ombi.

Kwa hiyo najua ninachonunua. Nikipata msumeno, Mama anabaki kwake. Nisipopata, mvua za masika zitamkuta Bungoma kwa Nekesa.

Nimeanzia duka la hapa Kitale. Muuzaji, kijana wa aproni ya bluu, amenitazama kichwa kilichonyolewa, kisha viatu.

"Madam, ni ya mzee?"

"Ni yangu."

"Haki? Hii kitu hupiga kelele kushinda mama mkwe."

Amecheka peke yake. Miaka mingi ya uandishi wa habari, ya kuuliza watu maswali, imenifundisha kusubiri mtu amalize kucheka ndipo niendelee.

Amenionyesha mmoja mpya, wa bei ya chini kuliko yote, wenye upanga mrefu na maandishi makubwa ubavuni. Upanga ni ule ubapa wa chuma ambao mnyororo huuzunguka. Nimeusukuma mbele mkono wa breki, halafu nikavuta mnyororo kwa vidole vyenye glavu. Breki ikiwa imeshika, mnyororo haupaswi kusogea hata kidogo. Umezunguka bila shida.

"Hizo huwa zinakuja tu hivyo," amesema. "Si breki ya gari, madam."

Nimeuliza mnyororo ukikatika nitapata mwingine wapi. Amesema Nairobi, labda. Wa pili alionionyesha ulikuwa wa umeme, mwepesi na mtulivu. Lakini magogo yako mbali na nyumba, na Misikhu wingu likitanda tu stima inapotea. Wa tatu ulikuwa mzuri kwa kila kitu isipokuwa bei. Nimeshukuru, nimetoka.

Nimekwenda Bungoma, kwa fundi wa injini ndogo anayeitwa Barasa. Niliwahi kumhoji kuhusu pampu za maji, na sikumkuta na uongo. Alikuwa na msumeno mmoja mkuukuu wa kampuni inayojulikana, rangi imebabuka, upanga mfupi.

"Dada, unakata kuni ama unakata msitu?"

"Kuni."

"Basi urefu wa nini? Ule mrefu ni wa kuringa kwa majirani. Huu hauringi, unakata."

Amefungua plagi na kunionyesha: kavu, rangi ya kahawia, dalili ya injini nzima. Breki imeshika. Amenipa niuwashe mwenyewe, injini ikiwa baridi. Mara ya tatu umenguruma. Minyororo ya saizi hiyo inauzwa barabara ya pili kutoka kwake, na tupa ya kunolea mnyororo amenipa bure. Amenifundisha kuchanganya petroli na oili kwa kipimo, na kutokata kamwe kwa ncha ya upanga, kwa sababu ncha ikigusa gogo mashine inaruka kukujia usoni.

"Na usiweke petroli tupu. Itakufa siku hiyo hiyo, halafu uniletee maiti hapa."

Kisha akakiangalia kichwa changu, akashika kofia yake. "Pole, dada. Mdomo wangu hauna breki."

Nimemwambia hakuna shida. Kweli haikuwepo. Nimeisikia sentensi yake kama ninavyosikia matangazo ya redio dukani.

Nekesa amenikuta hapo. Nilikuwa nimemwambia ninakuja. Mimi si mtu wa kuficha. Hakunisalimia.

"Ukilipa hiyo kitu, umemwambia akae peke yake."

"Amesema anataka kukaa."

"Amesema! Na akianguka pale jikoni? Ati utasikia ukiwa Matisi?"

Barasa alijifanya anatafuta bisibisi.

Nekesa hakukosea. Nyumba yangu ya Matisi, kule Kitale, iko mbali mno kusikia lolote. Alifuta macho kwa mtandio, akaondoka kwa hatua za mtu anayechelewa darasani. Yeye amelia tangu siku ya kwanza. Mimi niliandika wasifu wa Baba kwa muda mfupi kuliko ninaochukua kuandika habari ya bei ya mahindi, na nilipousoma kaburini sauti haikutetereka. Watu walinisifu.

Nimelipa.

Misikhu nimefika jua likiwa bado juu kiasi. Nimevaa gambuti, miwani na glavu. Mama amekuja na kijiti alichokivunja kwa kipimo cha jiko lake. "Zisipite hapa," akasema, "zikitokeza mlangoni zinanikwaza." Nimekata kwa kijiti kile. Mwanzoni nilikuwa ninaukandamiza msumeno. Baadaye nikaacha uzito wake ufanye kazi, vumbi la mbao likatoka nene na jeupe, ishara kwamba mnyororo bado una makali. Vipande vinene nimevichana katikati. Mama alikuwa anavibeba kimoja kimoja na kuvipanga chini ya paa la jikoni. Nilimwambia aache, nitavibeba. Akaniita mama kwa Kibukusu: "Mayi, wewe piga kelele zako, mimi nipange zangu."

Alipomaliza safu ya pili alinawa mikono, akachukua simu na kumpigia Nekesa. Niliuzima msumeno ili nisikie.

"Usinitandikie kitanda," alisema. Akasikiliza kwa muda mrefu. "Najua. Najua, mama. Lakini usinitandikie."

Akarudi kwenye kuni zake.

Nimerudi Matisi na nguo zinanuka mkaratusi na oili. Nimekaa nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kutoka asubuhi. Kuni nilizokata si za kudumu. Mti mbichi unahitaji muda kukauka, na zilizokauka zitaisha. Msumeno nimeuacha kwenye stoo ya Mama, naye hawezi hata kuuinua. Nekesa aliniuliza nani atamsikia Mama, na jibu pekee la kweli ni lile ambalo sikutaka kulitoa mbele ya fundi: atasikika siku ambazo mtu yupo pale.

Je, nimemsaidia kubaki kwake, au nimemsaidia tu kuwa peke yake? Sijui. Inategemea nitakachofanya, si nitakachohisi, na hilo angalau ninalimudu.

Nimemwandikia mhariri kwamba kuanzia wiki ijayo asinipangie kazi Jumamosi. Sikueleza sababu. Nimeutuma ujumbe kabla sijavua viatu.