Nimemrudisha Nyafuru Kanisani

Baba Yakobo mpenzi,

Mtoto wetu kabatizwa jana hapa Musoma, mvua ikipiga mabati hata padri hasikiki vizuri. Uliniambia nikubali jina lolote atakalotoa padri, nikakubali: Agnesi. Mwanao akaanza kulia, maji hata hayajamgusa. Nikambembeleza, akakataa hata titi. Basi nikafanya tunavyofanyaga nyumbani mtoto akikataa jina, nikamwitia majina ya marehemu wetu moja moja. Nilipotaja Nyafuru, jina la marehemu mama yako, akanyamaza na kunyonya.

Katekista akaninong'oneza, "Mama, hayo ni mambo ya mizimu." Nikamjibu watu wote wakisikia: "Mungu aliyemuumba huyo Agnesi wenu ndiye aliyemuumba Nyafuru. Andikeni yote mawili, au tunaondoka." Padri akatikisa kichwa, lakini akaandika.

Najua utanuna. Nimekununulia samaki, sato mkavu, hapa sokoni Mwigobero, mnunie huyo kwanza. Watoto wasalimu, Mungu awalinde pamoja nawe. Jumamosi tunarudi Bunda, mimi na Agnesi Nyafuru. Ukitaka kumwita Agnesi tu, mwite, ila akilia utambembeleza mwenyewe.

Mkeo, Mama Yakobo