Shingo Ngumu ya Papa Espoir

Yaya Furaha mupenzi,

Mvua ya hapa Mbarara haina haya, lakini tuko wazima. Leo nilimpeleka bwana yangu hospitali. Munganga akaangalia picha ya shingo yake, akasema: "Mzee, uko na shingo ngumu sana."

Papa Espoir akanigeukia mwili mzima. "Ni wewe njo umemwambia?"

Kumbe ni ugonjwa. Zile kamba za ndani zinazoshikanisha mifupa ya shingo zinageuka mfupa. Magunia ya mahindi anayobeba kichwani yanazivuta, na mfupa unazidi kuota fasi haukualikwa. Bahati nzuri, haujabana mishipa ya fahamu. Basi, munganga akasema asibebe tena kitu kichwani.

Papa Espoir akaonyesha picha ya ng'ombe kwenye postikadi hii, niliyokuwa nayo mkononi. "Na huyu anabeba pembe hizi zote, nani alimkataza?"

Wakamfunga kola ya shingo. Nikamuuliza kama magunia ataacha. Alitaka kutikisa kichwa, kola ikamshika. Yaya, katika ndoa yetu hajawahi kushindwa kukataa, mpaka leo.

Utuwekee sahani ya sombe, ubusu watoto. Pasta usimwambie jina la ugonjwa, atalihubiri.

Mudogo wako,
Mama Espoir