Funguo za Lori la Pili

Jumatatu, 5 Mei

Nimekagua malori yote mawili kabla ya mkutano. La dereva Lado lina breki mbovu: unakanyaga, linasita, ndipo linashika. Nilijaribu mara tatu. Mkutanoni nikasema, "Samahani bosi, labda tungeliangalia kidogo kabla halijaenda mpakani Nimule?" Taban wa stoo, ambaye hakuligusa, akasema, "Breki iko sawa." Kiprono, meneja wetu, akamsikiliza Taban. Mkaguzi wa magari ni mimi. Nimesomea kazi hii miaka minne. Nikaketi.

Jumanne, 6 Mei

Lado aliondoka alfajiri. Saa nne simu. Breki zimekataa karibu na Nesitu, lori liko mtaroni. Lado amevunjika mkono.

Alhamisi, 8 Mei

Hospitalini. Lado hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Binti, mimi ilikuwa nangoja wewe sema 'usiende'. Wewe iko nasema 'labda'."

Kwetu Eldoret, Mama alinifundisha kumwachia mkubwa nafasi ya kukataa. Ni adabu. Hapa kazini, ugenini, adabu hiyo inasikika kama kutojua. Taban hubahatisha kwa sauti nzito, naye huitwa mtaalamu.

Ijumaa, 9 Mei

Ripoti ya Kiprono: "Hakuna aliyepinga safari." Nimeisoma mara nyingi nikitafuta uongo. Sikuupata.

Jumatatu, 12 Mei

Lori la pili. Tairi za mbele zimelika hadi kuwa kipara. Nilisimama mkutanoni. "Lori halitoki. Funguo ninazo mimi." Sikupandisha sauti.

Kiprono akauliza: "Dada, nani amekuudhi asubuhi yote hii?" Wakacheka. Sikuomba radhi. Nikatia funguo mfukoni.

Jumatano, 14 Mei

Sasa naitwa Jenerali. Taban hunipigia saluti mlangoni. Kiprono anasema nafasi ya msimamizi wa magari itamfaa mtu "anayeelewana na watu". Niliitaka nafasi hiyo. Bado naitaka. Wiki iliyopita nilikuwa mpole mno, wiki hii mkali mno. Katikati sijapaona.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Tairi mpya zimefungwa. Wani, dereva wa lori la pili, alipita mlango wa Kiprono bila kusimama, akaja kwangu.

"Jenerali, mimi naenda?"

Hakuwa anatania. Nilipanda, nikakanyaga breki mara tatu. Nikashuka.

"Nenda," nikasema. Nikampa funguo.