Mwalimu wa Mama

28 Agosti

Kwako dada,

Habari za huko, na mgongo unaendeleaje na cherehani za kiwanda? Sisi wazima, ila mimi nina donge moyoni, na kwa kuwa mdomoni halitoki, naliandika.

Jana alikuja karani wa sensa. Akamuuliza mama elimu yake. Sensa iliyopita alijibu "sikusoma" huku akitazama sakafu. Safari hii akanyoosha shingo: "Darasa la sita, masomo ya jioni!"

Karani akafurahi. "Na hesabu nani anakusaidia?"

"Binti yangu."

Karani akanigeukia akitabasamu. Na mimi nikaanza kutabasamu. Mama akasema, "Si huyu. Mkubwa, hunifundisha kwa simu."

Dada, tabasamu liliniganda usoni. Mimi niko kidato cha nne, nasoma kwa lugha mbili, ukuta mmoja tu kati yangu na mama. Mlivyokuwa mkicheka kwenye simu, nilidhani ni umbea, kumbe ni sehemu na desimali! Kwa nini wewe?

Mdogo wako

9 Septemba

Mdogo wangu,

Mgongo unauma, lakini barua yako imeuma zaidi. Nilimuuliza mama kwa nini hakuombi wewe. Akasema, "Yule ndiye ninayemgombeza asome. Leo nikimuuliza nusu ya robo, kesho nitamgombeza kwa mdomo gani?"

Na usidhani wivu unao peke yako. Sensa iliyopita msomi wa nyumba nilikuwa mimi, na darasa langu la saba. Baba alilitangaza mpaka kwa kinyozi. Sasa msomi ni wewe. Tena unaamka na mama, unakula naye. Mimi nina ile nusu saa tu baada ya kengele ya kiwanda. Na hiyo unaitaka?

Dada

14 Septemba

Dada, shikamoo. Natumaini mgongo umepoa.

Ndiyo, naitaka.

Mdogo wako

2 Oktoba

Dada yangu,

Hujambo? Barua yangu hukuijibu, na simu za mama hukupokea wiki nzima. Nilimwambia labda mtandao unasumbua.

Alizunguka na daftari lake, akijifanya anatafuta miwani, nayo iko kichwani. Jana akavuta kiti mbele yangu. "Haya, wewe wa lugha mbili. Hizi hesabu zinataka lugha gani?"

Nikaeleza mbiombio. Akasema, "Dada yako hueleza taratibu." Nikaanza upya. Tukakata mkate vipande, tukavipanga mezani, tukavigawa. Ghafla akapiga meza mpaka makombo yakaruka: "Kumbe!"

Sijawahi kumwona hivyo. Nilifurahi, nisiseme uongo. Halafu nikakuwaza umekaa nje ya kiwanda, kengele imeshalia, simu inaita mkononi mwako, na wewe unaitazama tu.

Hata kwako alikuwa akisema "kumbe" namna ile? Kama ndiyo, usiniambie.

Mdogo wako