Mwenye Jina la Keziah

Kapunda, Australia Kusini
4 Mei 1987

Shangazi mpenzi,

Na kama nilivyokuwa nikisema katika barua iliyopita kabla karatasi haijaniishia, ndoa ni tamu kuliko ulivyonitisha. Hujambo lakini? Goti limepoa? Sisi wazima. Wiki ya sita hii, na Clem hawezi kunipita jikoni bila kunibusu shingoni, hata akinuka kondoo.

Sasa nakutuma. Kaburi la Keziah, bibi yake babu yake Clem, aliyekuja na meli kutoka huko kwenu, muda wake wa kukodiwa unakwisha tarehe ishirini Juni. Tusipothibitisha ukoo, wasimamizi wa makaburi watazika mtu mwingine juu yake. Clem hasemi, ila usingizi hapati. Na bahati iliyoje: alitoka Melbrook, kijijini kwako! Nitafutie ubatizo wake katika vitabu vya kanisa.

Hapa kila jioni Keziah huwekewa sahani ndogo mezani. Nilidhani ni kumkumbuka. Mama mkwe akanicheka: "Kumkumbuka nani, bibi harusi? Mwenyewe ndiye aliyeianzisha, alipokuwa angali hai." Mwili ukanisisimka, kisha Clem akanishika mkono nikasahau.

Mpwa wako,
Verity


Melbrook
17 Mei 1987

Verity mwanangu,

Salamu zako nimezipata, za mabusu pia, ambazo sikuziomba. Goti ni lile lile.

Nimepekua vitabu na kasisi siku mbili. Keziah Stickland alibatizwa mwaka 1836. Akazikwa mwaka 1840, ana miaka minne. Nimelifikia kaburi lake. Urefu wake hauzidi hatua mbili. Keziah mwingine hakuna. Yupo mdogo wake, Ann, ambaye baada ya mwaka 1855 haonekani popote. Meli za bure za wahamiaji zilichukua mabinti wa kazi kuanzia miaka kumi na minane, na Ann alikuwa na kumi na saba. Naona alipanda kwa cheti cha marehemu dada yake, na jina hakulirudisha tena.

Basi jiulize sahani ile ni ya nani.

Naambatanisha vyeti vya ubatizo vya wote wawili. Mkitaka kaburi, pelekeni cha Keziah tu, mnyamaze. Cha Ann kitawaletea maswali. Na jina lile usilitamke mezani.

Shangazi yako,
Maud


Kapunda
12 Juni 1987

Shangazi mpenzi,

Nakuombea afya. Kudanganya tumeshindwa. Clem alisema, "Miaka mia amelala chini ya jina la mtoto. Yatosha." Tukapeleka vyeti vyote viwili. Wasimamizi walituweka siku tisa roho juu, kisha wakakubali: kaburi ni letu. Leo fundi amechonga ANN. Clem alilia hadharani, nami nikampenda upya.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, tukasikia nyayo ndogo nyuma yetu. Tukisimama, zinasimama. Clem akasema ni mwangwi. Mimi nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Ukashikwa.

Ni mkono mdogo, Shangazi, baridi kama maji ya kisima, umekamata vidole viwili tu, kama watoto wafanyavyo. Sikuogopa. Niliwaza: jina lake lilimvuta hadi huku, wala hakuulizwa. Sasa amerudishiwa, na njia ya kwao haijui. Bado ameshika ninapoandika.

Clem anasema fungate tutalimalizia kwako. Usihangaike na vitanda, wewe hakikisha tu lango la makaburi ya huko halifungwi. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni pako, sote watatu.

Mpwa wako,
Verity