Krenki ya Gari la Pangani

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
3 Juni, 1973.

Mpendwa mdogo wangu Alawi bin Kombo,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Mimi dada yako sijambo, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka peke yake bila kunishauri. Wewe hujambo huko Mombasa? Kazi ya bandarini inakwendaje? Wifi yangu Ashatu hajambo, na yule mtoto wenu niliyesikia ana kikohozi amepona? Ikiwa bado, mpeni asali na tangawizi, msimwonee huruma akikunja uso.

Huku masika yamekwisha salama. Mpunga wa Zinga umeinama kwa uzito, na watu wanatembea na nyuso za kushiba kabla hawajavuna. Mjini hakuna jipya, ila sukari huonekana na kupotea.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu, maana unajua mimi na kalamu si marafiki. Gari la wakfu limesimama.

Bila shaka unayakumbuka yale magari mawili pacha aina ya Ostini ambayo baba yangu na baba yako waliyanunua siku moja kwa yule Mgiriki wa shamba la mkonge alipokuwa akihama Pangani. Baba yako, Ami Kombo, alilipeleka lake nyumbani kwenu pale pale Pangani akalitunza kama mwali wa ndani. Baba yangu akalileta lake Bagamoyo, na Ijumaa moja akasimama msikitini akaliweka wakfu mbele ya watu: lisiuzwe, lisirithiwe, libebe wagonjwa na waja wazito wa vijijini kuwafikisha hospitali, mpaka chuma chake kiishe. Alipofariki usimamizi uliniangukia mimi. Dereva ni Mwinshehe wa Zinga, yule anayezungumza na injini kuliko anavyozungumza na mkewe.

Siku chache baada ya Maulidi, likirudi kutoka Kaole, lilipiga kishindo kimoja tumboni likanyamaza. Mwinshehe alipolifungua alikuta krenki imekatika vipande viwili. Krenki ni lile pande la chuma lililopindapinda chini ya injini, ambalo pistoni zinalisukuma nalo likageuza magurudumu. Likikatika hilo, gari ni kabati tu. Watu wa mtaani walinipa pole kama nimefiwa, na wengine wakasema sikio la kufa halisikii dawa, tuliuze kwa chuma chakavu. Niliwauliza ni nani kati yao aliyemsikia baba akisema liuzwe. Wakatawanyika.

Basi nikatia kipande kimoja cha krenki ndani ya kikapu, nikapanda basi mpaka Dar es Salaam. Alawi, kitu kile ni kizito! Mchukuzi wa Kariakoo alidhani nimebeba mtaimbo. Nimeingia kila duka la vipuri nililoonyeshwa, na wenye maduka walinikaribisha vizuri, wakanipa na kiti, lakini jibu lao lilikuwa moja. Mzee mmoja wa Kihindi alikigeuzageuza kile kipande, akavaa miwani, akavua miwani, akaniambia, "Mama, gari hii rafiki yake yote iko kaburini." Nikamjibu kwamba hili langu halijafa, linaumwa tu. Akacheka, akaniletea krenki ya Ostini mpya zaidi bure nijaribu, lakini shingo zake zilikuwa nene, haziingii kwenye injini yetu.

Nikamwita Mwinshehe na kipande cha pili, tukaenda kwenye karakana za Gerezani, huko huko Dar es Salaam, kuiunga krenki yetu kwa moto. Fundi aliifanya kazi yake kwa uaminifu, na mwenyewe alituonya kwamba chuma cha namna ile hakipendi kuungwa. Mwinshehe akairudisha ndani, gari likawaka, nami nikapiga kigelegele barabarani na umri wangu huu. Hatukufika hata Kiromo, ikakatika tena pale pale ilipoungwa. Tulirudishwa na trekta, mimi nimekaa mbele nimenyoosha shingo ili watu wasidhani nina aibu.

Halafu tukasikia kuna Ostini kama yetu Vigwaza, imewekwa nyuma ya nyumba ya mtu. Kweli ipo. Lakini injini iliondolewa zamani, na mahali pake kuku wametaga. Mwenye nyumba alisikitika sana, akanifungia mayai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka goti likalalamika, ila nimepata mayai.

Nacheka, ndugu yangu, lakini sichezi. Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa barazani nikaona wanaume wanne wa Mlingotini wanapita mbio na kitanda mabegani. Juu yake alikuwapo mke wa Seleman, uchungu umemshika tangu jana yake. Walipita mbele ya gari letu likiwa limefunguliwa boneti. Mama alipona, alhamdulillah. Mtoto hakuwahi. Seleman alipopita kurudi kwao alisimama, akanisalimu kwa adabu yote: "Shikamoo mama. Gari bado?" Hakunilaumu hata kwa jicho. Niliingia ndani nikalia, kisha nikaosha uso nikamwita Mwinshehe, nikamwambia tunakwenda Pangani.

Mpaka hapo nilikuwa nimekwepa kwenda huko, na sababu unaijua. Tulizunguka Chalinze na Tanga mpaka tukafika nyumbani kwenu. Gari la Ami Kombo lipo pale pale bandani, limefunikwa majamvi. Mwinshehe alitia hendeli mbele akazungusha kwa mkono, na injini ikageuka laini bila kelele. Aliniangalia kama mtoto aliyeonyeshwa halua. Krenki iliyo mle ni nzima, na ni ile ile.

Mama yako Mwanajuma aliridhia kabla sijamaliza kusema. Dada yako Sihaba naye akaridhia. Lakini mirathi ya Ami haijagawanywa, na mrithi wa tatu ni wewe. Tuliporudi, Mwinshehe alininong'oneza njiani, "Bi Mardhiya, wawili si wamekubali? Tungeitoa tu. Huyo wa Mombasa atajuaje?" Nilimwuliza kama Mungu naye anakaa Mombasa. Hata hivyo nilikwenda kwa Maalim Hija nisije nikajitungia sheria. Akaniambia, "Kila msumari wa gari lile una fungu la Alawi. Usiuingize wakfu wa baba yako katika kitu ambacho mwenyewe hajatamka kukitoa." Basi krenki iko Pangani, gari liko hapa, na katikati yake ni ulimi wako.

Tangu baba yako afariki, Rajabu mwaka jana, hujajibu barua ya mtu. Ulikuja siku ya tatu ya msiba, ukakaa barazani na mfuko wako miguuni, ukakataa chakula cha hitima. Neno ulilotuambia bado nalisikia: "Mmemzika baba yangu kama mtu asiye na mtoto wa kiume." Ami alikata roho alfajiri akazikwa alasiri, simu ilikufikia amekwisha lala kaburini. Maiti hasubirishwi, Alawi, na sheria hiyo hatukuitunga sisi, kwa hiyo sitakuomba radhi kwa ajili yake. Lakini uchungu wako si wa uongo. Nilikuona umeishika ile mikeka ya msiba hujui uikalie au uikunje, na moyo wangu ulikatika. Nakupenda, na nimechoka kukuonea huruma kwa mbali.

Wala usiogope kwamba nakuvutia kwenye ugomvi wa mirathi. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nami jembe langu ninalo. Mambo ya nyumba na minazi mtayazungumza ninyi wenyewe siku mkitaka. Mimi naomba krenki. Sikufichi kwamba ikitolewa, gari lile halitaondoka bandani tena, na najua ulijifunzia usukani humo, umekaa mapajani mwa baba yako. Kwa hiyo usikubali kwa kunionea haya.

Ukisema hapana, sitakununia. Nitafunga kikapu changu niende Kilosa, kuna mashamba ya mkonge kule sijayapekua, na baada ya Kilosa nitatafuta pengine. Ukisema ndiyo, nipigie simu ya maandishi, neno moja tu linatosha: Chukueni. Na kama utapenda kuja kuitoa kwa mikono yako, tutakungoja, lakini usikawie. Kaole wako wanawake wawili ambao miezi yao imetimia, na mmoja tumbo lake si la kawaida.

Jambo la mwisho. Katika chuo cha Kurani tulifundishwa pamoja, na wewe ulikuwa ukikariri upesi kuliko sote: mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu, sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye. Krenki ile ikizunguka humu, kila mja mzito atakayefika hospitali akiwa hai, Ami Kombo atakuwa amembeba, yeye na kaka yake, na mwanawe ndiye aliyempa sadaka hiyo. Hukuwahi kumtia baba yako udongo, na hakuna kati yetu awezaye kukurudishia siku ile. Maziko yalikupita, mdogo wangu. Hili halijakupita.

Mwinshehe anakusalimu, na mkewe pia. Mama yako na Sihaba wanakusalimu mno. Mpe salamu zangu wifi Ashatu, na watoto wabusu vichwani, mmoja mmoja, kwa jina langu. Mungu akulinde juu ya maji na nchi kavu, akulainishie moyo, na asitukutanishe msibani tu.

Wako akupendaye, kwa kukukaripia na kukuombea,
dada yako,
Mardhiya binti Ausi